Shule inataka kupunguza unene wa watoto kwa muhula mmoja. Nimesoma yaliyowapata wengine miaka baadaye, njooni tujadili

MkutubiWaTabata (mleta uzi), Jumapili usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Jumatano iliyopita mwanangu wa darasa la nne alirudi na kikaratasi kimebanwa kwa pini kwenye daftari. Jina, kilo, na chini yake neno moja kwa wino mwekundu: MNENE. Walipimwa paredi. Mzani uliwekwa karibu na mlingoti wa bendera, mwalimu mmoja akawa anasoma kilo kwa sauti, mwingine anaandika. Jioni anavua viatu, akaniuliza: "Mama, mimi naumwa?" Nikamwambia huumwi. Akasema: "Sasa mbona walinicheka?"

Kesho yake tangazo likaingia kwenye grupu la wazazi. Shule inaanza mpango wa kudhibiti unene. Utadumu muhula mmoja. Soda marufuku, Ijumaa mazoezi ya muziki uwanjani, mtaalamu atakuja mara mbili kufundisha lishe, kila mzazi achangie elfu thelathini. Mwisho wa muhula watoto watapimwa tena, na darasa litakalopungua kilo nyingi zaidi litapewa kombe.

Shule siitaji na nawaomba msinifuate inboksi kuiuliza. Walimu wale nawajua, nia yao ni njema na tatizo wanaloliona lipo. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kati ya wanawake 100 wa nchi hii wenye miaka 15 hadi 49, wapatao 36 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 28. Hao ni sisi mama zao, na watoto wanakula chungu kimoja nasi.

Mimi ni mkutubi, kutafuta majarida ya utafiti ndiyo kazi inayonipa ugali. Nimekaa nayo siku nne nikitafuta jibu la swali moja: mpango wa shule ukishafungwa, wataalamu wakishaondoka na mabango yakishapauka, miaka miwili, mitatu au ishirini baadaye watoto wale wakoje?

Nianze na Christchurch, si ile ya New Zealand, ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza. Mwaka 2001 watafiti walichukua shule 6 za msingi, watoto 644 wa miaka 7 hadi 11. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: punguzeni soda, kunyweni maji. Mtaalamu aliingia kila darasa mara chache kwa mwaka mzima. Aliwaonyesha jino lililolowekwa kwenye soda, watoto wakatunga nyimbo za kuikataa soda, wakachora, wakashindana maswali na majibu. Baada ya miezi 12, kwenye madarasa ambayo hayakupata somo hilo, asilimia ya watoto wenye uzito uliozidi ilikuwa imepanda kwa pointi 7.5. Kwenye madarasa yaliyofundishwa ilishuka kwa pointi 0.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na yakasomwa kila mahali. Na kumbukeni, soda zenyewe walizopunguza hazikufika hata glasi moja kwa siku tatu!

Sasa hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Watafiti walewale walirudi miaka miwili baada ya somo kwisha. Wakawapata watoto 434, wakawapima. Tofauti ilikuwa imeyeyuka. Wanene walikuwa wameongezeka kwenye makundi yote mawili, aliyefundishwa na ambaye hakufundishwa huwezi kuwatenganisha kwa mzani.

Mnaweza kusema mtaalamu wa kupita mara chache ni kidogo mno. Haya, tazameni Marekani, kuanzia 1991 hadi 1994: shule 96 katika majimbo manne, watoto zaidi ya 5,000, mpango wa miaka mitatu uitwao CATCH. Hawa waliingia mpaka jikoni. Mafuta kwenye chakula cha mchana cha shule yakashuka kutoka karibu asilimia 39 ya nishati yote hadi 32. Vipindi vya michezo vikawa vya kutoka jasho. Miaka mitatu baada ya mpango kufungwa, watoto wakiwa darasa la nane, bado walikuwa wanakula mafuta kidogo na kufanya mazoezi makali kuliko wenzao, ingawa pengo lilishaanza kupungua. Lakini uzito? Haukutofautiana mpango ulipofungwa, na haukutofautiana baadaye.

Hizo ni shule 96 kwa miaka mitatu. Sisi tunazungumzia muhula mmoja na kombe.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Nataka niende na hoja, hasira niiache nyumbani. Nisaidieni.

---

MzeeWaKinyerezi

Binti yangu, pole kwa mtoto. Kupimwa mbele ya watu si sawa, hilo naungana nawe.

Ila niseme la moyoni. Sisi tumekua tukijua mtoto mnene ndiye mtoto aliyelelewa. Bibi akija akamkuta mjukuu amekonda, kesi inaanzia mlangoni kabla hajapewa maji. Mimi nimelea sita kwa mshahara wa bandarini, na kila aliyenona niliona jasho langu halijapotea. Leo wajukuu wanashiba, mnasema shibe nayo ni ugonjwa. Hao wa Uingereza wana vyakula vyao vya makopo. Majaribio yao yanatuhusu nini sisi wa ugali na dagaa?

---

LisheKwanza

Shikamoo mzee. Mimi ni afisa lishe katika moja ya manispaa za hapa Dar, na unachosema nakisikia kila wiki, kwa hiyo sikichukulii kama ubishi.

Neno lenyewe linatufunga. Hapa mjini ukimwambia mtu "siku hizi una afya", umemwambia amenenepa. Mama anakuja na mtoto wa miaka minane mwenye kilo hamsini kwa ajili ya mafua. Uzito haoni, na ana sababu ya kutouona. Hofu ya mama zetu ilikuwa utapiamlo, na haijaondoka: mwaka 2022 watoto wapatao 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Nimeingia nyumba Vingunguti nikakuta mdogo amedumaa na kaka yake ana kiribatumbo, ndivyo tunavyouita unene uliokithiri kwenye kazi yetu, na wote wamelala kitanda kimoja.

Kuhusu ugali na dagaa, mzee wangu, laiti ingekuwa hivyo. Waulize wajukuu jana walikula nini toka asubuhi. Chai ya sukari na chapati mbili, saa nne chipsi na soda, mchana wali maharage, jioni kwenye gari biskuti na juisi ya paketi. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Dagaa wangekuwepo pale mezani ningefurahi sana.

Dada mkutubi, kabla ya yote, lifuteni hilo kombe. Mtoto wa darasa la nne anakua. Kilo zake ZINATAKIWA kuongezeka. Ndiyo maana watoto hatuwapimi kama watu wazima, tunalinganisha uzito na urefu wake, kisha umri, kisha kama ni wa kike au wa kiume, na tunatazama mchoro wake kwa muda mrefu. Wengi huongezeka mwili kwanza, halafu balehe ikifika wanarefuka. Kwa mtoto aliyezidi, mara nyingi lengo ni asiongezeke haraka huku urefu unamfikia. Ukiwaambia watoto thelathini washindane kupungua kilo, atakayeshinda ni aliyeacha kula. Na kwenye darasa lolote la Dar wapo wembamba ambao kilo moja wakipoteza ni hatari.

Jambo jingine la kumwambia mwalimu mkuu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti za kufuatilia watoto ulionyesha zaidi kidogo ya nusu ya watoto wanene huwa wanene ujanani, na vijana wanene karibu 80 kati ya 100 hubaki hivyo ukubwani. Kwa hiyo kuwashughulikia mapema kuna maana. Lakini uchambuzi huohuo unasema watu wazima wanene wapatao 70 kati ya 100 hawakuwa wanene utotoni. Ukikazana na wale walioandikiwa wino mwekundu ukawaacha wembamba na soda yao, wengi wa watu wazima wanene wa kesho umewaruka.

---

MzeeWaKinyerezi

Marahaba mwanangu. Nimewauliza wajukuu. Mmoja jana kanywa soda mbili na hajala mboga yoyote toka Ijumaa. Naendelea kusoma.

---

MtotoWaIlala

Naandika hili mara ya kwanza mahali popote.

Nilikuwa mtoto mnene, miaka ya tisini mwishoni. Jina langu shuleni lilikuwa Tipwatipwa, hata walimu waliliitikia. Mwalimu mmoja wa zamu aliamua kunisaidia. Kila mapumziko wanene wanne tulizungushwa uwanja mara tano huku wenzetu wanakula mihogo na kutuhesabia kwa sauti. Ilidumu kama miezi miwili. Nilipungua? Nilipungua, nakumbuka kaptula ililegea. Nikahamishiwa shule nyingine, nikarudi vilevile na kuzidi.

Kilichobaki ni kingine. Tangu pale sijawahi kucheza mchezo wowote mbele ya watu. Nina miaka 35, presha imeanza, daktari kaniambia nitembee, natembea saa tano usiku uani kwangu geti likiwa limefungwa. Ukitaka kujua matokeo ya muda mrefu ya mpango wa shule, mimi ni mmojawapo.

Mama, nenda Jumamosi. Usikose.

---

MkutubiWaTabata

Kaka yangu, asante kwa kuliandika. Nimelisoma mara tatu.

Uliyofanyiwa yamewahi kuwa sera ya nchi nzima. Singapore ilianzisha mpango wa shule uitwao Trim and Fit mwaka 1992. Watoto waliozidi uzito walitengwa na wenzao, wakapewa mazoezi ya ziada, mara nyingi wakati wa mapumziko. Kwa tarakimu ulifaulu: wanafunzi wenye unene uliokithiri walishuka kutoka asilimia 14 hivi hadi chini kidogo ya 10. Ukiuliza wizara wakati ule, ungeambiwa huo ndio mpango bora duniani. Lakini herufi za kifupi chake, TAF, ukizisoma kinyumenyume zinatoa neno la Kiingereza la mnene, na watoto waliligundua mapema. Malalamiko ya kudhihakiwa na hofu ya watoto kuanza kujinyima chakula viliongezeka, na mwaka 2007 serikali yenyewe ikaufuta ikaweka mpango wa afya kwa wanafunzi wote bila kuwatenga wanene.

Kwa hiyo hata mahali ambapo mzani ulishuka, kulikuwa na deni ambalo mzani hausomi.

---

DerevaWaWatoto

Mimi naendesha gari la shule, kostari. Naomba niseme ninachokiona.

Mtoto wa kwanza namchukua Chanika saa kumi na moja kasoro alfajiri. Wa mwisho namshusha saa kumi na mbili na nusu jioni, barabara ya Mandela ikifunga kwa foleni tunafika saa moja. Wanapanda wamelala, wanashuka wamelala. Katikati mama ameweka biskuti na juisi ili mtoto asisumbue. Shuleni magari yetu yanaegeshwa uwanjani, na pale ndipo wangecheza mpira. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hili mpaka niliposoma uzi huu leo.

Hawagusi ardhi hawa watoto. Sisi tulicheza kombolela mpaka mama anaita kwa hasira.

---

LisheKwanza

Dereva umegusa mawili makubwa. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kulala kidogo kunaambatana na kunenepa. Na Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 za mwendo wa kuhemesha kila siku. Ijumaa moja ya muziki haifiki popote.

---

MamaMihogoGetini

Habari zenu. Binti yangu kanisomea huu uzi, na yeye ndiye ananiandikia.

Mimi ndiye nakaa getini. Mwaka wa kumi na moja huu, nje ya shule moja huku Temeke. Nauza mihogo ya kukaanga, kachori, bagia, lambalamba. Kila mpango wa afya ukija, kitu cha kwanza ni kutufukuza sisi. Tunasogea hatua ishirini, tunakaa chini ya mwembe wa jirani, watoto wanatufuata. Mpango ukiisha tunarudi getini. Nimeona mara tatu. Hakuna aliyewahi kukaa nami akaniuliza nauza nini na kwa nini.

Nauza kinacholala bila kuoza na kinachonunuliwa kwa mia na mia mbili. Tikiti lisipoisha leo hasara yangu. Mahindi ya kuchemsha yanatoka vizuri ila mkaa wake ni mwingi. Karanga zinatoka. Embe za msimu zinatoka sana, weka chumvi na pilipili kidogo watoto wanapanga foleni. Shule ikiniambia "mama, tunakuruhusu ukae hapa ndani kivulini, mia tano ya kila siku hatukudai, ila kukaanga uache", kesho naacha. Nani apende kusimama kwenye mafuta ya moto toka saa kumi na moja?

---

MkutubiWaTabata

Mama yangu, shikamoo. Haya uliyosema nayabeba kama yalivyo mpaka mkutanoni.

---

MwalimuMbagala

Nawasoma kwa heshima, ila hizi ni habari za inglishi midiamu. Huku kwetu kayumba, shule ya serikali, darasa langu lina watoto mia na ishirini. Saa tano kuna wanaosinzia kwa njaa kwa sababu mzazi hajachangia uji. Mkileta mzani kwangu utaonyesha kitu kingine kabisa.

Lakini na mimi nina wanene, wanaongezeka, na wengi ni watoto wa maduka na wa mama lishe. Kipindi cha michezo kwenye ratiba kipo. Ikifika miezi ya kukaribia upimaji wa darasa la nne kinakuwa Hisabati, na hakuna anayeuliza. Uwanja tulikuwa nao, nusu yake sasa ni madarasa mapya, nusu ni dimbwi toka Machi hadi Mei.

Swali langu kwa mkutubi: hiyo mipango iliyopimwa kwa muda mrefu, ilimsaidia mtoto wa nani?

---

MkutubiWaTabata

Mwalimu, swali lako lina jibu na linauma. Mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, waliwafuatilia watoto kwa miaka 8 baada ya mpango wa shule. Kwa jumla uzito haukubadilika. Walipowagawa kwa hali ya familia, walionufaika walikuwa watoto wa familia zenye uwezo. Mimi naelewa hivi: somo la darasani linamwambia mtoto akabadilishe kitu nyumbani, na nyumba yenye nafasi ya kubadilisha ndiyo inayobadilika. Mtoto wako wa Mbagala akifundishwa ale matunda anayabeba maarifa hayo mpaka kwenye nyumba isiyo na matunda.

Ndiyo maana naamini fedha ya mpango iende kwenye vitu ambavyo mtoto anavikuta bila kuvinunua. Maji, kiwanja, muda.

---

MnaziWaMsimbazi

Nipo hapa kama mzazi wa wawili. Si mngewaita wachezaji tu? Mtoto akiambiwa na staa wa timu yake ale matunda, atakula. Nyumbani kwangu jina la mchezaji lina nguvu kuliko langu.

---

MkutubiWaTabata

Kaka, hilo nalo limejaribiwa, na timu unaijua: Aston Villa, aliyoichezea Mbwana Samatta mwaka 2020. Kabla yake, kwenye jaribio kubwa la shule 54 za eneo la Birmingham na jirani zake, watoto wa miaka 5 na 6 waliongezewa dakika 30 za mwendo kila siku ya shule, wazazi wakaitwa kupika pamoja na watoto, na klabu hiyo ikawapokea kwa mafunzo ya afya. Mwaka mzima. Walipopimwa tena, mara ya mwisho miezi 30 tangu kuanza, hakukuwa na tofauti ya maana ya uzito na shule zingine. Matokeo yalitoka 2018. Watoto walifurahi, na siipuuzi furaha yao.

---

MtotoWaIlala

Dada, mpaka hapa kila ulicholeta kimekufa njiani. Kuna chochote kilichodumu? Nauliza kwa ajili ya binti yangu, yuko chekechea na ameanza kufanana nami.

---

MkutubiWaTabata

Kipo kaka, na nilikichelewesha kwa sababu nilitaka tukubaliane kwanza juu ya kinachofifia.

Uswisi, jaribio la KISS. Watoto wa miaka 7 na wa 11, shule 15. Kipindi cha michezo kikawa kila siku ya shule badala ya mara tatu kwa wiki, na katikati ya masomo dakika chache za kuruka na kunyoosha viungo. Baada ya mwaka wa shule walikuwa na mafuta mwilini kidogo kuliko wenzao na pumzi ndefu zaidi. Watafiti walirudi miaka mitatu baada ya kufunga. Faida ya mafuta ilikuwa imekwisha, kama Christchurch. Pumzi ilibaki. Watoto wale bado walikuwa na uwezo mkubwa wa kukimbia kuliko wenzao, miaka mitatu baada ya mwalimu wa ziada kuondoka.

Na kuna Trois-Rivières, Quebec, nchini Kanada. Kuanzia 1970 hadi 1977 watoto 546 wa shule ya msingi, nusu yao wakipata saa nzima ya michezo kila siku kwa miaka yote ya msingi. Miaka ishirini hivi baadaye, watu wazima, waliulizwa wanaishije. Wanawake waliokuwa kwenye kundi la michezo ya kila siku walikuwa wanafanya mazoezi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Wasichana waliocheza wakiwa na miaka minane, wakawa wanawake wanaojongea wakiwa na thelathini na kitu. Mimi nina binti pia, darasa la pili, na hilo nililisoma nikasimama nikatembea chumbani.

Ukiyaweka pamoja: mwaka 2024 uchambuzi uliokusanya majaribio 172 ya watoto wa miaka 5 hadi 11 ulikuta kuwa mipango yenye mwendo, au mwendo pamoja na chakula, hupunguza uzito kidogo. Yenye chakula peke yake, karibu hakuna kitu. Punguzo ni dogo kweli, na wengi walipimwa kwa muda mfupi. Lakini mwili uliozoea kukimbia unakumbuka, na mtoto aliyependa mchezo anaendelea nao. Kwa hiyo binti yako kaka, mpe rede. Mpe kamba ya kuruka. Ukiweza kucheza naye mchana kweupe, cheza. Kilo mwachie LisheKwanza na mchoro wake, mara mbili kwa mwaka, ndani, mlango umefungwa.

---

MtotoWaIlala

Sawa dada. Nitajaribu Jumapili, ufukweni Kigamboni, asubuhi mapema.

---

MkutubiWaTabata, Jumamosi jioni

Nimerudi kutoka mkutanoni. Tulikuwa wazazi kama sitini na ilichukua saa tatu.

Niliwasomea ya Christchurch na ya Singapore. Nilipofika kwenye ushuhuda wa kaka (nimeficha kila kitu cha kumtambulisha) ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja akalia, akasema mwanawe hajataka kwenda shule toka siku ya mzani. Nilidhani ni wangu peke yake.

Kombe limefutwa. Kupima kutaendelea mara moja kwa mwaka kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mtoto mmoja mmoja, majibu kwenye bahasha kwa mzazi, bila neno lolote la wino mwekundu. Magari yatashusha watoto na kuegeshwa nje mpaka saa tisa, madereva walikubali haraka kuliko tulivyotegemea. Elfu thelathini zetu badala ya mtaalamu na muziki zitanunua tenki la maji, ndoo zenye koki kila darasa, mipira na kamba. Soda zinaondoka kantini moja kwa moja, si kwa muhula. Mwenyekiti wa wazazi ataongea na wale mama watatu wa getini, nilimpa maneno ya MamaMihogo kama alivyoyaandika, yeye mwenyewe akasema hakuwahi kuwasalimia.

Mengine tumeshindwa. Niliomba kipindi cha michezo cha darasa la nne kisiguswe na maandalizi ya upimaji, mwalimu mkuu akakataa waziwazi: matokeo ndiyo yanayoleta wanafunzi wapya. Hapo sikuwa na jibu la kumridhisha, tumekubaliana liletwe tena muhula ujao. Na saa za magari ya alfajiri hakuna aliyezigusa, kila mzazi aliangalia simu yake.

Jambo la mwisho nililoomba ni fomu za vipimo zisitupwe. Watoto wapimwe urefu, uzito, na mbio za kwenda na kurudi uwanjani, kila mwaka, na fomu zihifadhiwe hata walimu wakibadilika. Mwalimu wa taaluma ametoa droo moja ya kabati lake, yenye kufuli, na ufunguo wa pili nimepewa mimi. Hawa wa la nne tutazifungua wakiwa darasa la saba.

---

MwalimuMbagala

Hongera mama. Naomba unitumie utaratibu wa hizo mbio, unapimaje na uwanja wa urefu gani. Dimbwi letu likikauka Juni nataka nianze na mia na ishirini wangu.

---

MkutubiWaTabata

Mita 20 kutoka mstari hadi mstari, mwalimu. Naziandika zote usiku huu nakuletea hapahapa ili na wengine wachukue.